Linkeji ya waipa imekufa kwenye Altezza? Badilisha mwenyewe kabla mvua za Dodoma hazijaanza

Wakuu mnaosukuma Toyota Altezza hapa Dodoma na kanda ya kati yote, hii ni yenu, na kama una Celica au Mark II ya zamani soma pia maana mfumo ni uleule, tofauti ni sehemu zilipokaa bolti tu. Shida ya huku kwetu inajulikana, mvua ikishakata mwezi wa nne mpaka uje uione tena ni huko mwezi wa kumi na mbili, miezi yote hiyo waipa zimelala tu zinakula vumbi na jua, halafu siku mvua ya kwanza imeshuka unawasha unasikia "kraa", mkono mmoja unapanda unagoma juu na mwingine hauna habari, au yote miwili imelala na huko ndani mota inazunguka peke yake. Kesho yake unaenda gereji unakuta foleni, na fundi hata boneti hajafungua anakwambia bosi mota imeungua, tafuta mota.

Mara nyingi mota ni nzima kabisa. Kinachokufa ni linkeji, yaani zile fimbo za chuma zinazotoa mzunguko kwenye mota kuupeleka kwenye mikono ya waipa, na hata hapo fimbo zenyewe ziko poa, kilichoachia ni kibushi cha plastiki ambacho kingetoshea kwenye kiganja cha mtoto. Altezza ilianza kutoka 1998 na za mwisho kabisa ni za 2005, kwa hiyo hata ile unayoiita "kali, haijachoka" plastiki zake zimeshamaliza miaka ishirini, na huku zimeanikwa chini ya kioo kwenye jua la Dodoma. Zitaachia tu.

Tuelewane kwanza inavyofanya kazi ili usidanganywe. Mota ni moja, imekaa chini ya lile kava la plastiki jeusi lililopo kati ya boneti na kioo. Kwenye shafti ya mota kuna kipande kifupi cha chuma kinaitwa kranki, chenyewe kinazunguka mzunguko kamili. Kwenye kranki imechomekwa fimbo, na fimbo inasukuma na kuvuta pivoti ya upande mmoja, halafu fimbo ya pili inaunganisha upande huo na upande wa pili. Kila fimbo inapokutana na mwenzake kuna kichwa cha mviringo cha chuma, mafundi wanakiita boli, na kibushi cha plastiki kinachokibana. Pivoti ndo zile shafti mbili zinazotokeza juu ya kava, ambazo mikono inafungwa kwa nati. Basi, hakuna uchawi mwingine zaidi ya hapo.

Sasa kabla hujaenda kununua chochote sikiliza gari. Washa swichi, washa waipa, zima redio. Kama mota inalia kawaida na mikono yote imelala, basi fimbo ya kwanza imechomoka kwenye kranki, au kuna nati imelegea. Kama mkono mmoja unafanya kazi na mwingine hauchezi, fimbo ya pili ndo imeachia, au nati ya huo mkono imelegea na meno yake yameisha, na hii ya nati ianze nayo maana ni ya dakika mbili, funua kile kikofia cha plastiki kwenye shina la mkono utaiona. Kama hakuna sauti yoyote nenda kwenye fyuzi, nyingi zimeandikwa WIP au WIPER kwenye mfuniko wa boksi la fyuzi. Fyuzi ikiwa imeungua usiweke tu nyingine kubwa zaidi ukasema yameisha, mara nyingi fyuzi imeungua kwa sababu mota imelazimishwa kuzungusha kitu kilichoganda, na ukiweka kubwa kitakachoungua safari ijayo ni waya. Kama fyuzi ni nzima na umeme unafika kwenye soketi ya mota ukipima na testa, hapo ndo uanze kuihukumu mota.

Na hapa ndo watu wengi wanapokosea, wanabadilisha bushi wanaondoka, baada ya muda imeachia tena wanalaumu spea. Bushi haiachii bure. Inaachia kwa sababu pivoti zimeganda, grisi ya kiwandani imekauka, vumbi jekundu limeingia limegeuka kuwa kama msasa humo ndani, sasa mota inasukuma, pivoti haitaki, na sehemu dhaifu kuliko zote hapo katikati ni kibushi. Ongezea na ile tabia yetu ya kufika kwenye gari asubuhi kioo kimejaa vumbi unawasha waipa kavukavu, raba inashika kwenye mchanga, nguvu yote inarudi kwenye bushi, na kioo nacho unakichora. Kwa hiyo kazi hii ni mbili, kubadilisha kilichovunjika na kulainisha pivoti, ukiruka ya pili umepoteza siku yako.

Spea. Una njia mbili, kununua bushi peke yake au kununua seti nzima ya linkeji yuzidi kutoka Japani. Mimi nashauri seti nzima kama fimbo zako zina kutu au boli zimelika upande mmoja, maana bushi mpya kwenye boli iliyolika haikai. Kama boli bado ni mviringo na inang'aa, bushi zinatosha. Hapa mjini ukikosa, wauza spea wanaagiza Kariakoo au Ilala na mzigo unakuja na basi, ila usiwaambie tu "linkeji ya Altezza", wapigie picha ya ya kwako iliyotoka na uwatumie. Na angalia hili sana, Altezza nje iliuzwa kama Lexus IS, kuna za Marekani na za Uarabuni ambazo ni usukani wa kushoto, linkeji yake inafagia upande wa pili, haikai kwenye gari yetu hata ufanyeje. Muuzaji akikwambia "ni ileile tu mkuu", muulize imetoka kwenye gari ya usukani upande gani. Ya IS200 ya Uingereza ni usukani wa kulia kama yetu, hiyo haina shida.

Ukiinunua ishike mkononi hapohapo dukani. Zungusha kila pivoti kwa vidole, izunguke laini bila kukwama na bila kucheza kushoto kulia. Halafu jaribu kuzungusha kila kiungo cha boli, kisiwe kinagonga. Ikikwama ni grisi, inatibika. Ikicheza imeisha, mrudishie.

Vifaa ni vya kawaida, racheti na soketi namba 10, 12 na 14, ekstensheni, bisibisi bapa, plaizi, WD-40 ya kupuliza kulegeza kutu, grisi nzuri ya lithiamu, msasa laini, kitambaa kizito na solotepu. Ukipata pula ndogo ya kutolea mikono ya waipa vizuri, ukikosa tutatumia akili.

Anza kazi asubuhi au kivulini, lile kava la plastiki likipigwa na jua la saa saba halafu ulivute litapinda masikio, na likiwa la baridi sana nalo linakatika, kwa hiyo la uvuguvugu ndo linanyumbulika. Osha kwanza sehemu yote ya chini ya kioo, usifungue kitu kwenye vumbi. Kisha bandika vipande vya solotepu kwenye kioo pale raba zinapolalia, upande wa dereva na wa abiria. Kama waipa zako zimekufa zikiwa katikati, tafuta alama ya mfagio wa zamani kwenye kioo, ukiinamia pembeni mwanga ukipiga utaona mstari raba zilipokuwa zinalala miaka yote.

Umeme ukate. Wengi wanachomoa kichwa cha hasi cha betri na ni sawa, ila redio inapoteza kumbukumbu na zingine za Kijapani zinajifunga mpaka uzitafutie namba ya siri, kwa hiyo ukitaka kuepuka hayo chomoa fyuzi ya waipa tu na funguo itoe kwenye swichi kabisa, weka mfukoni. Usifanye utani na hili, mota ya waipa ina nguvu kuliko unavyodhani na zile fimbo zinapita kama mkasi, vidole vikiwa katikati mtu akawasha swichi ni hospitali.

Mikono sasa. Toa vikofia, legeza nati, nyingi ni namba 14 na zingine namba 12. Usizitoe kabisa, ziache zimeshika nyuzi mbili tatu. Puliza WD-40 kwenye shina, kanywe chai urudi. Halafu nyanyua mkono kama unataka kubadilisha raba na uutikise shina lake mbele nyuma taratibu mpaka usikie umeachia, ile nati uliyoiacha inazuia usiruke. Ukigoma tumia pula. Kupiga nyundo sikushauri, shina la mkono ni laini kuliko pivoti na meno yakiisha umejiongezea spea nyingine. Na muda wote huo kitambaa kizito kiwe kimelala kwenye kioo, mkono usio na raba ukikuponyoka ukapiga kioo, utaona ufa unatembea mbele ya macho yako.

Kava la plastiki linashikwa na klipsi na pembeni mara nyingi limeingia chini ya mpira wa kioo. Klipsi zina kichwa cha katikati, kinyanyue na bisibisi bapa ndo mwili wake utoke, ukivuta kwa nguvu zinakatika, ndo yale magari unayoyaona barabarani yana kava linalopepea. Toa mpira wa nyuma ya injini, kisha nyanyua kava upande mmoja kwenda mwingine.

Na hapo ndo utashangaa. Chini ya hilo kava utakuta shamba, majani ya mwarobaini yale membamba yanapita kwenye vitundu vya kava bila shida, udongo mwekundu, manyoya ya ndege, wengine wanakuta hadi kiota cha panya. Yote hayo yanakwenda kukaa kwenye matundu mawili ya kutolea maji kushoto na kulia, yakiziba maji ya mvua yanajaa humo kama karai na mota yako inaoga. Mota nyingi zilizokufa kweli Dodoma zimekufa hivyo, kwa maji, wakati watu wanasema huku hakuna mvua. Toa kwa mkono, halafu mwaga maji ya ndoo uhakikishe yanatoka chini nyuma ya tairi za mbele.

Linkeji inatoka pamoja na mota yake, usihangaike kuzitenganisha ikiwa ndani. Chomoa soketi ya umeme, bana kile kilimi usivute waya. Fungua bolti namba 10 zinazoshika fremu, ziko pembeni na pivoti na nyingine karibu na mota, hesabu ulizotoa na uziweke kwenye kikopo. Halafu izungushe kidogo huku unaitoa kwa upande mmoja, inatoka kwa kona, kuna pozi moja tu inapita, ukilikosa utadhani imeshonwa.

Ikishakuwa mezani piga picha kabla hujagusa. Muhimu zaidi ni kranki, angalia imeelekea wapi ukilinganisha na mwili wa mota na chora mstari na wino wa kudumu au kwaruza kidogo na bisibisi. Kranki ikiwa nzima iache palepale kwenye mota, toa tu fimbo kwenye boli kwa kuipenyezea bisibisi bapa na kuinyanyua, na mota ifungue kwa bolti zake. Watu wanafungua nati ya kranki bila sababu halafu siku nzima waipa zinalala katikati ya kioo hawajui kwa nini.

Kama unatumia linkeji yako ileile na bushi mpya, sasa ndo pivoti. Juu ya kila pivoti chini ya meno kuna klipsi ndogo ya chuma na washa (kile kiringi bapa), weka kidole juu wakati unaitoa maana inaruka na kuipata kwenye mchanga sahau. Ikitoka, shafti inashuka chini, na ikigoma kushuka umepata jibu la kilichoua bushi. Loweka na WD-40, igonge polepole kwa mpini wa bisibisi wa mbao. Ikitoka utaona imevaa kitu kama ugoro, kahawia, kavu, hiyo ndo grisi ya miaka ishirini ikichanganyika na Dodoma. Futa na dizeli, pitisha msasa laini mpaka shafti ing'ae lakini usiikondeshe, safisha na tundu lake ndani kwa kitambaa kilichosokotwa, kausha. Paka grisi shafti nzima, irudishe, weka ile washa na klipsi mahali pake, zungusha kwa vidole viwili. Inatakiwa izunguke kwa uzito wa fimbo yake yenyewe. Kama bado inahitaji nguvu ya mkono hujamaliza, toa tena. Fremu zingine pivoti zimefungwa kiwandani hazifunguki, hizo zinywesheni oili taratibu kwa juu na chini huku unazungusha mpaka iache kutoa uchafu, ila zikishindikana seti nzima inakuhusu.

Bushi mpya ipashe joto kwenye maji ya moto inalainika, paka grisi, iweke juu ya boli na ubonyeze na plaizi ya mdomo mpana mpaka usikie "tak". Ukiibana bila kuipasha inaweza kupasuka pembeni na usione, ikakuachia njiani huko Kibaigwa.

Kurudisha kuna siri moja. Usifunge mikono kwanza. Rudisha mota kwenye fremu, fremu kwenye gari, bolti zote ziingie kwa mkono kabla hujakaza yoyote, soketi ya umeme chomeka, rudisha fyuzi, ondoa mikono yako humo ndani, kisha washa waipa spidi ndogo uziache zizunguke mara kadhaa zikiwa pivoti tupu, halafu zima kwa swichi ya waipa, sio kwa funguo. Mota ina swichi yake ndani inayoendelea kuipa umeme hata baada ya wewe kuzima, mpaka kranki ifike pale pa kulala ndo inakata na kujifunga breki yenyewe. Sasa mota iko pozi sahihi, na wewe unachofanya ni kuweka mikono sawa na solotepu zako kwenye kioo na kukaza nati. Ukizima kwa funguo mota inasimama popote ilipo, ukifunga mikono hapo utakuja kuona raba inapiga nguzo ya mlango.

Kabla ya kukaza piga brashi ya waya kwenye meno ya mashina ya mikono, uchafu humo ndo unafanya nati ilegee baadaye. Mwaga maji kwenye kioo, jaribu spidi ndogo, halafu kubwa. Kwenye kubwa mikono inaenda mbali kidogo kuliko kwenye ndogo, kwa hiyo acha nafasi pembeni. Isipogonga chochote ndo urudishe kava.

Mota ikiwa kweli imekufa, umeme unafika na haichezi hata ikiwa imetolewa kwenye linkeji, usikimbilie mpya. Mpelekee fundi umeme wa magari aifungue, mara nyingi ni kaboni zimeisha au ndani kuna kutu ya yale maji niliyosema. Kama inalia lakini kranki haizunguki, gia ya ndani imekula meno, hapo tafuta mota nyingine.

Ukikutwa njiani, tuseme umetoka mjini unaenda Moro na mvua imekukuta mbele ya Gairo na malori yanakurushia tope, angalia upande uliokufa. Ukiwa ni wa abiria, toa fimbo iliyoachia au ifunge pembeni isije ikabana nzima, endelea na wa dereva. Ukiwa ni wa dereva, ingia pembeni sehemu salama, fungua boneti, kama unaiona boli rudisha fimbo na uizungushie zip tai mbili, iende spidi ndogo tu. Kama huioni kaa ule nyama, mvua za ukanda huu hazina subira, nyingi zinapita. Kuendesha huku umetoa kichwa dirishani kama treni ya zamani waachie wengine, na trafiki naye yupo, waipa ni moja ya vitu wanavyokwambia uwashe.

Mvua za mwanzo zikishapita fungua vikofia tena ukaze nati za mikono, zinakaa zikishapata kazi, na mwaga maji kwenye matundu yale mawili uone kama bado yanapitisha. Kiangazi hicho kingine kila ukiosha gari washa waipa kioo kikiwa na maji, mizunguko michache tu pivoti zisigande.